Deni la mlembe hulipwa kwa nta

Methali inatuambia tufuate nyuki tule asali. Warina asali wa porini wanamfuata mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, mwenye manyoya meupe pembeni mwa mkia. Akikuona anakusogelea, anapiga kelele kama mtu anayetikisa kiberiti, kisha anarukia mti wa mbele na kukungoja. Ukimfikia, anaruka tena. Akishafika penye nyuki hubadili sauti na kutulia karibu, na kuanzia hapo kazi ni yako: kagua matundu ya miti, ukiangalia kuelekea kwenye mwanga ili uwaone nyuki wakiingia na kutoka.

Msaada wake si mdogo. Utafiti wa mwaka 1989 kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya ulionyesha kuwa asiye na mlembe hutafuta kwa wastani wa saa 8.9 kabla ya kupata nyuki. Anayeongozwa, saa 3.2. Naye mlembe huitwa kwa adabu ya mahali: Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutoa mlio wa "brrr-hm", Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hupiga mluzi. Ukienda Niassa na mluzi wa Eyasi, wengi hawatakujali.

Sasa malipo. Asali haimshughulishi sana. Anachotaka ni nta, ambayo tumbo lake linaiweza, pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega. Vyote vimo ndani ya shina asiloweza kulipasua, na nyuki wanaweza kumuua. Moshi na shoka unavyo wewe. Kwa hiyo mwachie masega makavu na vipande vyenye majana, juu ya majani mabichi au kisiki, mahali pa wazi atakapoviona. Ukivitupa kwenye majivu umemlipa nini? Zima moto kabisa kabla ya kuondoka. Na panua tundu kwa kiasi tu, usiangushe mti: mti ukianguka, pango la nyuki limekwisha, na mlembe hana tena cha kumwonyesha mtu pale.

Wayao humkusanyia nta na kumtandikia majani. Wahadza wengi hufanya kinyume: huifukia au kuichoma, wakisema ndege aliyeshiba haongozi. Wanaohubiri shukrani hawaipendi habari hii, lakini mimi siwezi kuwaita Wahadza wachoyo. Mlembe mwenye njaa anaweza kuwaongoza tena, na bado huokota mabaki yaliyosahaulika. Hata hivyo, nikipewa nafasi ya kuchagua, nachagua jani la Wayao.

Tusimtukuze mno mdai wetu, maana naye ni mdaiwa sugu. Mlembe hajengi kiota wala halei. Jike hutaga kwenye mashimo ya ndege wengine, wakiwamo keremkerem, na mara nyingi hutoboa mayai anayoyakuta. Kinda lake huanguliwa kipofu, likiwa na kulabu kali kwenye ncha ya mdomo, na kwa kulabu hizo huwauma watoto wa mwenye nyumba mpaka wafe. Keremkerem aliyefiwa huendelea kulilisha mpaka liruke, na hakuna nta yoyote anayowekewa.