Basi andika tumbo

Leo siku ya tisa na bado nakisikia kile kicheko changu. Cha daktari nimeshakisamehe. Changu ndicho kinachonikereketa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba kaupakata tumboni kama kawaida yake, mie nimesimama nyuma kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Daktari kijana, hana ubaya wowote. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, kila kitu kwa adabu. Akauliza, "Mama, nini kinakusumbua?"

"Chango, mwanangu. Linanisokota usiku mpaka naamka. Nikila kidogo linatulia, kisha linarudi."

Akatabasamu huku anaandika. "Mama, hospitali hatuna ugonjwa unaoitwa chango. Sisi michango tunayoijua ni ya harusi."

Nikacheka. Kwa sauti. Naweza kujitetea: simu yangu ilikuwa inatetema mfukoni kwa jumbe za kamati ya harusi ya Zuhura tangu asubuhi, mtunza hazina anatutaja mmoja mmoja kwa majina, na utani ule ukanipata pale pale. Lakini nilicheka mie, bintiye, niliyemsindikiza. Mama hakugeuka kunitazama. Alivuta ncha ya mtandio, akaiweka sawa begani, akasema, "Basi andika tumbo."

Basi andika tumbo. Nalirudia nikifua, nikipanda daladala. Kama mtu aliyeleta samaki mzima sokoni, akaambiwa aina hiyo hainunuliwi, akasema basi pimeni kama dagaa.

Zuhura kaolewa Jumamosi, kapendeza, mvua imetustahi, na kazini wameniongezea mkataba wa miezi sita. Hayo yatakuja siku nyingine.

Usiku wa siku ile nilifungua kamusi, ugonjwa wangu mnaujua. Chango ni utumbo mwembamba. Chango ni mnyoo wa tumboni, na mchango pia, ndiyo maana utani wa daktari ulikuwa na mizizi kuliko alivyodhani mwenyewe. Chango ni maumivu ya tumbo ya wanawake, ya hedhi na ya uzazi. Na chango ni kile kigingi cha ukutani cha kutundikia nguo, sijui kimefikaje hapo, labda ni pacha wa jina tu. Wauza dawa wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme wameligawa kwa jinsia: wanawake wana chango, wanaume wana ngiri. Mtoto wa dada aliwahi kuniuliza ngiri aliingiaje tumboni mwa babu na zile pembe zake. Nikamwambia ni meno yale, si pembe. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mwaka jana, kwenye kile kipeperushi cha afya ya mama nilichokifasiri, msomaji mmoja wa majaribio aliandika pembeni: "Hapa si mngesema tu chango?" Nami nikajibu kwa kalamu nyekundu, kwa kiburi cha mfasiri, kwamba chango si istilahi, halina mipaka, linabeba hedhi na minyoo na maambukizi ya nyonga kwa pamoja. Nikaweka "maumivu ya sehemu ya chini ya tumbo". Maneno saba. Kwa hiyo daktari hakunifundisha kucheka. Nilikuwa nimeshaanza mwenyewe.

Halafu Jumatatu Mama kamezeshwa ule mpira wenye kamera. Alitoka macho mekundu, kanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Tukarudi kwa daktari yule yule.

"Mama, tumeona kidonda. Kiko kwenye duodeni."

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

"Ni pale mwanzo wa utumbo mwembamba."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitishiwa anwani ya nyumba anayoishi. "Aa," akasema. "Chango."

Daktari alikuwa ameshageukia kompyuta, hakusikia. Mie nilisikia. Nilitaka nimguse bega nimwambie, Daktari, umesikia? Amekutajia mahali kabla ya kamera yako. Tena amekupa na dalili: maumivu ya usiku, yanayotulia ukila. Nimesoma, hiyo ndiyo sura ya kidonda cha hapo hasa. Sikusema. Nilichukua karatasi ya dawa nikasema ahsante.

Toka hapo mambo yakageuka, maana nililifuata hilo "duodeni" hadi kwao, nikitaka kuona ni la ukoo gani hata likae juu ya chango. Jamani. Ni "kumi na mbili" tu. Tabibu wa Kigiriki, Herophilus, aliyepasua maiti kule Alexandria, Misri, miaka kama 300 kabla ya Kristo, aliupima ule mwanzo wa utumbo kwa vidole vyake, akaona ni upana wa vidole 12, akauita hivyo. Hakuna zaidi. Waarabu wakauita ithnaashari, yaani ile thenashara yetu ya wazee, na ndiyo "kumi na mbili" ya majirani zetu Mashia wa Ithnaasheri, ila yao ni ya Maimamu na hii ni ya vidole. Karne ya 12, Gerard wa Cremona akiwa Toledo, Hispania, akaifasiri Kanuni, kile kitabu cha tiba cha Ibn Sina, kwa Kilatini, na neno likatoka upande wa pili likiwa duodenum, "kumi na mbili". Vidole vimeanguka njiani! Nimecheka peke yangu kitandani, kwa huruma ya kikazi. Wajerumani wamevitunza; wao mpaka leo wanasema utumbo wa vidole kumi na viwili, neno moja refu kama utumbo wenyewe.

Kinachofuata baada ya hapo kinaitwa jejunum, Kilatini cha mwenye kufunga, kwa kuwa waliopasua maiti walizoea kukikuta kitupu. Kwa Kiarabu ni saim. Kutoka hapo hadi saumu ni kuvuka barabara. Na mwanzo wa utumbo mpana unaitwa kipofu kwa Kilatini, kwa sababu upande mmoja hauna pa kutokea. Kwa Kiarabu wakauonea huruma kidogo, wakauita chongo.

Kwa hiyo hayo ndiyo maneno ya hospitali. Kumi na mbili, mfungaji, kipofu. Na kidonda chenyewe, hao hao madaktari walikuwa wakisema kinaletwa na mawazo na pilipili, mpaka Waaustralia wawili wa Perth, Barry Marshall na Robin Warren, wakasema ni bakteria, wakatiliwa shaka, na mwaka 1984 Marshall akawanywa hao bakteria ili aonyeshe. Akaugua kweli. Tuzo ya Nobel ilikuja 2005. Mama anameza vidonge vyake vya siku 14 kwa sababu ya mtu yule, na anavihesabu kila jioni juu ya sahani kama anayechambua mchele.

Jana nilimkuta uani anaosha utumbo wa mbuzi, wa supu ya wageni waliobaki. Kaketi kwenye kigoda, beseni mbele, anaugeuza ndani nje kwa kijiti cha mfagio, anasugua kwa chumvi na ndimu, anasuuza kwa maji ya moto, anausokota vifundo vifundo kama anasuka mtoto nywele. Uchengelele, yeye anauita hivyo ukiwa wa mnyama. Chango ni wa mtu. Hilo hakuna kamusi iliyoniambia vizuri.

Nikachuchumaa nikamsimulia habari za vidole 12. Alinisikiliza bila kuinua uso. Kisha akafuta mkono wa kulia kwenye khanga, akaukunjua, akaweka vidole vinne juu ya ule utumbo pale ulipoanzia, akaongeza vinne, akaongeza vinne. Ukucha wa kidole cha mwisho ulikuwa bado na hina ya harusi.

"Hapa?"

"Kwa mtu, Mama. Kama sentimita 25. Mbuzi sijui."

"Kidonda changu kiko humu humu."

"Humu humu."

Nikamwambia na habari ya yule mfungaji, anayekutwa mtupu siku zote. Akaacha kuosha. "Kumbe hata utumbo unafunga?" Kisha, baada ya kufikiri: "Wa marehemu baba yenu basi ulikuwa unakula kwa siri." Tulicheka mpaka shangazi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikaona ndipo mahali pa kusema lile neno langu, kwamba siku ile pale hospitali, Mama, mie, na kadhalika. Nilifika kwenye "siku ile". Akanipa beseni. "Kamwage maji haya mbali na mnanaa wangu."

Nikayamwaga mbali na mnanaa.

Sasa ni saa tano usiku, na kinachoninyima usingizi ni sufuria. Katika masufuria makubwa tuliyoazima msikitini kwa ajili ya Jumamosi, moja halionekani, lile lenye namba 14 kwa rangi nyekundu ubavuni. Wapishi wanasema walilirudisha, kijana wa mkokoteni anasema alibeba matano, kwenye daftari tumesaini sita. Keshokutwa wanalihitaji kwa hitima, na aliyesaini ni mie.