Jumamosi moja ya kafyu: mimi, cherehani na Tiger

Hii ni Jumamosi, tarehe 16 Mei 2020, wakati wa korona. Saa zake niliziandika nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa tunamngoja Rais ahutubie taifa na mikono haikutaka kutulia.

Saa kumi na moja alfajiri

Kafyu inaisha. Baba Watoto ameshafunga kamba za viatu. Ni dereva wa matatu ya viti 14 ambayo sasa inaruhusiwa abiria 8 tu, na mwenye gari bado anataka hesabu yake karibu vilevile, kwa hivyo asipowahi stejini siku imeharibika. Mbwa wetu Tiger anamsindikiza hadi langoni. Usiku kucha amezunguka ua, kazi tuliyomfugia.

Kabla ya Machi, urafiki wetu naye ungeishia hapo. Angefungiwa kibandani, watoto waende shule, mimi niende kushona, turudi jioni tumfungulie alinde. Hapa Rongai, pembezoni mwa Nairobi, karibu kila ploti ina mbwa wa namna hiyo: anajulikana kwa sauti usiku, lakini mchana hakuna ajuaye anakula nini au anaota nini. Shule zilipofungwa tukawa nyumbani sote, na mtoto wangu mdogo akafungua kile kibanda asubuhi bila kumwuliza mtu. Hakijafungwa tena.

Saa mbili

Chai, na nduma zilizobaki jana. Leo hakuna masomo ya redioni, kwa hivyo watoto wako uani na mpira. Mtoto wa jirani anachungulia kwenye ua wa michongoma lakini hataki kuja karibu. Tangu mwezi jana ameshikilia kwamba Tiger ako na korona. Alisikia kwenye taarifa. Ni kweli ilitangazwa: chui milia, yaani "tiger" kwa Kiingereza, wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, alipimwa akakutwa na virusi. Nimemweleza mama yake, nimemweleza yeye mwenyewe, na mkubwa wangu amemchorea ramani ya Marekani mchangani. Anaitikia kwa kichwa, kisha anarudi nyuma hatua mbili.

Saa tatu na nusu

Kazi. Mimi nilikuwa mshonaji wa sare za shule, na nani ananunua sare sasa? Nimehamia barakoa. Sheria inasema ukikamatwa hadharani bila barakoa faini inaweza kufika shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, kwa hivyo wateja wapo, ingawa lastiki imepanda bei hadi nimeanza kushona kamba za kitambaa. Cherehani iko sebuleni, karibu na mlango unaotazama baraza. Shosho anakaa kwenye kochi na mkasi mdogo, anapunguza nyuzi zilizoning'inia.

Shosho ni mama mkwe wangu. Alikuja Machi kwa kliniki ya macho, akae kidogo arudi. Aprili 6 ikatangazwa hakuna kutoka wala kuingia Nairobi na viunga vyake. Kwake ni Murang'a, ng'ambo ya daraja la Chania pale Thika, na daraja hilo ndilo mpaka. Kwa hivyo yuko nasi, pamoja na sheria zake. Ya kwanza: mbwa haingii nyumbani. Huko kwake mbwa hulishwa vizuri na huheshimiwa, na hukaa nje. Mimi sikubishana, maana barakoa inakwenda puani pa mtu na siwezi kuiuza ikiwa na manyoya.

Tiger ameielewa sheria hiyo kama wakili. Analala barazani, kidevu kikiwa juu ya kizingiti, sawasawa kabisa na mstari. Nikikanyaga pedali, ametulia, macho nusu. Nikisimama kubadilisha bobini, mguu mmoja wa mbele unatambaa ndani, kucha zikigonga saruji taratibu. Pedali ikianza tena, mguu hauendi mbele wala haurudi nyuma. Nikikata uzi, wa pili unafuata. Akishafika kiwikoni, Shosho husema bila kuinua macho kwenye mkasi: "Nakuona." Miguu yote miwili inarudi, kidevu juu ya kizingiti, tunaanza upya. Asubuhi nzima hupita hivyo, na sijui kati yao nani anaufurahia mchezo zaidi.

Saa saba

Ugali. Wetu na sukuma, wa Tiger na omena na mchuzi wa mifupa. Zamani nilikuwa nabeba makombo kwenye hoteli ya karibu na stejini, lakini hoteli zilipofungwa hilo likaisha, na mifupa ya bucha sasa ina foleni. Mbwa wa mtaani wamekonda, mbavu unazihesabu. Wawili huja langoni saa ya chakula. Tiger hana huruma nao hata kidogo. Anakula huku ananguruma, mkia ukielekezwa kwao. Mtoto wangu mdogo huwarushia ukoko wa ugali juu ya ukuta akidhani sijui.

Saa kumi hivi

Rais amehutubia. Kafyu na marufuku ya kusafiri vimeongezwa siku 21, hadi Juni 6. Mipaka ya Tanzania na Somalia imefungwa kwa watu, malori ya mizigo tu ndiyo yatapita. Mimi nawaza yule mama anayeniletea vitenge kutoka Namanga. Watoto wanawaza shule. Shosho anazima televisheni yeye mwenyewe, kitu ambacho huwa hakigusi, anachukua kigoda, anakwenda kukaa barazani.

Kwa muda mrefu sisikii kitu, nashona. Kisha nasikia Kikuyu. Anamweleza Tiger habari za maharagwe yake: yamekaribia kuvunwa, na kijana aliyemwachia shamba ni mvivu tangu ubatizo. Anamweleza ni nani alikata mkungu wa ndizi mwaka jana bila ruhusa, akitaja ukoo wa mtu huyo hadi babu. Hayo mambo sijawahi kuyasikia, na nimekuwa mke wa mwanawe tangu 2007. Tiger anasikiliza akiwa amekunja sikio moja. Akinyamaza, Tiger anamsukuma gotini kwa pua, na Shosho anaendelea alipoachia.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Hii ndiyo saa mbaya. Kafyu ni saa moja kamili, na kati ya stejini na hapa kuna askari wenye rungu wasiouliza maswali mengi. Simu ya Baba Watoto haijibiwi. Hakuna anayesema neno. Watoto wanajifanya wanacheza kadi. Tiger amekaa langoni, mgongo kwetu, na sote tunatazama masikio yake, maana yanasikia kabla yetu.

Yanasimama. Mkia unapiga lango la mabati, paa, paa, paa, na hata dakika tano baadaye ndipo tunasikia viatu.

Baba Watoto ameshinda na watu wa kila aina garini, kwa hivyo ana utaratibu wake: kwanza mtungi wenye mfereji na sabuni hapo langoni, kisha nguo kwenye beseni, kisha kuoga, ndipo asalimie. Watoto wanamsalimia wakiwa kwenye ngazi. Mimi nampungia mkono. Lakini hakuna aliyemweleza Tiger habari ya mita moja unusu. Anamrukia hadi kifuani, anamlamba povu la sabuni vidoleni. Baba Watoto anachuchumaa palepale kwenye tope, kofia imeanguka, anamkumbatia shingoni na hana haraka ya kumwachilia. Siku nzima hakuna mtu aliyemgusa ila kumpa nauli kwa ncha za vidole, na hata hao siku hizi wanatuma kwa simu. Nageuka kuangalia sufuria jikoni ingawa halijachemka.

Saa tatu usiku

Mvua. Masika ya mwaka huu yamefanya mafuriko sehemu nyingi za nchi na bado hayajachoka. Radi inapiga upande wa Ngong na taa zinapepesa. Huyu mlinzi wetu ambaye angekabiliana na wezi watatu anaogopa radi. Yuko barazani, anatetemeka, lakini kidevu kiko juu ya kizingiti, mstari haujavukwa.

"Nani amemwacha huyo mzee anyeshewe?" anauliza Shosho.

Tunatazamana. Ni sheria ya nani?

"Barakoa zitie kabatini," ananiambia. Kisha kwa Tiger: "Hapo kwa mkeka tu. Kiti usikifikirie."

Baba Watoto anacheka. "Mama, na wezi je?"

"Mwizi gani atatoka na kafyu hii? Na yeye pia ananyeshewa."