Saa ya Kabla ya Chakula

Tulipotangaza mkutano wetu, watu hawakupiga simu kuuliza mada wala wasemaji. Waliuliza: "Posho ni kiasi gani?" Nikijibu kwamba hakuna posho, na kwamba mshiriki ndiye anayelipa, wengine walishukuru kwa adabu wakakata simu. Wengine walidhani wamenisikia vibaya, wakauliza tena.

Ilikuwa Dar es Salaam, mwaka 2013. Miaka minne nyuma mkongo wa SEACOM, kebo ya intaneti inayopita chini ya bahari, ulikuwa umefika pwani yetu, na tangu hapo vijana wengi walijifunza kutengeneza tovuti, wengi wao peke yao, usiku, kwa kufungua kurasa za wenzao na kusoma msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta yanayoziunda. Tulifahamiana kwa majina ya mtandaoni tu. Mtu angeweza kuishi Sinza akasumbuka mwezi mzima na tatizo ambalo jirani yake wa Mwenge alishalitatua. Ndiyo maana kikundi chetu kidogo kikaamua kufanya mkutano wa siku moja kwa watu wa kazi hii: wanaosanifu kurasa, wanaoandika msimbo, wanaofanya yote mawili kwa sababu mteja hana bajeti ya watu wawili.

Kuhusu kiingilio sikuyumba. Nimehudhuria semina nyingi za bure zenye posho, na najua zinavyokwenda. Mtu anasaini karatasi ya mahudhurio, anakunywa chai, na saa sita kiti chake ni kitupu. Aliyetoa shilingi 15,000 zake huja na maswali yake ameyaandika. Kwa hiyo tulipokea malipo kwa M-Pesa na Tigo Pesa kwenye namba zangu, na kila jioni niliyanakili kwenye kaunta buku: jina la mlipaji, jina la mshiriki, muda, kiasi. Mara nyingi majina hayo hayakufanana. Dada ametuma, anayekuja ni kaka. Wakala ametuma kwa niaba ya kijana ambaye hakuacha jina. Nilipiga simu moja moja mpaka kila shilingi ikapata mwenyewe.

Ukumbi tuliupata karibu na kituo cha Sayansi, Kijitonyama, ukiwa na jenereta lake, na hilo lilikuwa sharti langu la kwanza. Mgeni rasmi tulimkataa baada ya ubishi mkali. Nami niliamini, na bado naamini, kwamba mkutano wa mafundi hauhitaji kusubiri msafara wa mtu atakayesoma hotuba iliyoandikwa na mwingine kisha aondoke. Asubuhi ya washiriki ni ya washiriki.

Jambo lililotugawa kweli lilikuwa saa moja tu kwenye ratiba, ile ya kabla ya chakula cha mchana. Kila aliyewahi kuandaa mkutano anaijua saa hiyo. Waliochelewa kwa foleni wameshafika, waliowahi hawajachoka, na hakuna anayetoroka kwa sababu chakula kiko mlangoni. Kampuni moja iliahidi kulipia chakula chote ikipewa saa hiyo ionyeshe bidhaa yake. Mimi nilikuwa nimeshaiahidi kwa mtu mwingine.

Mtu huyo nilikutana naye Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa rafiki yangu fundi wa kompyuta. Alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, mtu mzima, haoni tangu utotoni. Alikuwa amekaa kwenye stuli akisubiri spika ya laptopu yake itengenezwe.

"Shikamoo Mwalimu," nikamwamkia, kwa kuwa fundi alikuwa anamwita hivyo.

"Marahaba binti yangu. Na wewe spika yako imekufa?"

Nikamwambia yangu ni skrini. Akasema, "Basi ugonjwa wetu ni mmoja."

Fundi alipomaliza, Mwalimu aliiwasha mashine akaanza kufanya kazi palepale, kidole kimoja kikiruka kwenye vitufe kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Alikuwa anatumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni. Programu iliyojulikana zaidi wakati huo, JAWS, iliuzwa kwa mamia ya dola. Mwalimu wa serikali angeitoa wapi? Ndani ya NVDA kulikuwa na eSpeak, sauti ya mashine, nyepesi mno, yenye lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Sauti yenyewe ni kavu kama bati, lakini Kiswahili chake kinaeleweka. Mwalimu alinisomea barua aliyoiandika mwenyewe, na nilielewa kila neno.

Kisha akafungua tovuti moja ya habari za Kiswahili. Sikuelewa kitu.

"Hii ndiyo hali," akasema. "Barua yangu inasoma Kiswahili. Magazeti yenu yanasoma Kizungu. Sijui mnayafanya nini."

Nilijua tunayafanya nini, na ndiyo maana nilimwomba aje kwenye mkutano. Aliuliza mambo mawili: atapewa muda gani, na je, atalipwa kama wasemaji wengine. Nikamjibu saa nzima, na ndiyo. Wasemaji wote tuliwapa nauli na kiasi kilekile kidogo, naye akapewa hicho hicho.

Kikao cha kamati kuhusu saa ile kilikwenda mpaka usiku. Hoja ya wenzangu haikuwa ya kipuuzi. Chakula ni fedha nyingi, na mwalimu mmoja angeweza kuzungumza saa kumi jioni. Nikawaambia saa kumi jioni nusu ya watu wako kwenye daladala, na tukimweka huko tutakuwa tumesema wazi tunamweka fungu gani. Mdhamini akaondoka. Chakula tukampa mama lishe wa jirani badala ya kampuni ya upishi, akapika wali, maharage, mchicha na samaki wa kukaanga, na sikusikia mtu aliyelalamika.

Siku yenyewe mada za asubuhi zilikwenda vizuri, sitazieleza zote. Kijana mmoja alionyesha jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga upya kwenye kioo cha simu na cha kompyuta, mbinu ambayo Ethan Marcotte aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 2010, na kwa wengi wetu ilikuwa bado ngeni. Ilipofika zamu ya Mwalimu nilimshika mkono hadi mezani. Fundi mitambo akaunganisha laptopu yake na spika kubwa za ukumbi. Niliona nyuso za watu zikijiandaa kwa hotuba ya huruma, ile ya kuomba walemavu wakumbukwe.

"Mimi ni mwalimu," alianza. "Leo nimekuja kusahihisha madaftari. Nani yuko tayari?"

Mikono ilichelewa kidogo, kisha kijana mmoja akaitoa tovuti yake ya habari. Mwalimu akaandika anwani, akabonyeza, na spika zikaanza kupiga kelele. Ilikuwa habari ya Kiswahili inayosomwa kwa matamshi ya Kiingereza, irabu zote zimepinda, "ng'ombe" imekatwa kwenye ritifaa kama vitu viwili. Ukumbi ukaangua kicheko, kwa sababu kwa kweli kinachekesha ukikisikia mara ya kwanza. Mwalimu akaacha isome. Akaacha isome aya ya pili, na ya tatu. Kicheko kikapungua chenyewe. Alipoisimamisha akauliza, "Sasa niambieni, habari ilikuwa inahusu nini?"

Hakuna aliyejua.

Nilipanda nikaeleza sababu, kwa kuwa hiyo ilikuwa sehemu yangu. Juu kabisa ya kila ukurasa wa HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti, kuna mahali pa kutaja lugha ya ukurasa. Pamekuwepo tangu HTML 4 mwaka 1997. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikiwa na wote, WCAG 2.0 wa mwaka 2008, unalitaja sharti hilo katika ngazi ya kwanza kabisa. Programu ya kusoma skrini hupaangalia hapo ndipo ichague sauti. Wateja wetu wakubwa walikuwa hoteli za Zanzibar na kampuni za utalii za Arusha, na kazi zao zilikuwa za Kiingereza. Violezo tulivyopakua, yaani tovuti tupu zilizokwisha kusanifiwa, vilikuwa vya Kiingereza. Tukavichukua vilevile kwa magazeti, shule na misikiti, tukabadilisha maneno yote yanayoonekana, na ule mstari wa juu ukabaki lang="en-US". Ukurasa wa Kiswahili ulikuwa unajitambulisha kwa mashine kuwa ni wa Kiingereza cha Marekani, na mashine iliamini.

Mwenye tovuti alikuja mbele na laptopu yake. Alikuwa anatumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Akafungua faili la header.php, lenye sehemu ya juu ya kila ukurasa, akafuta, akaandika lang="sw", akahifadhi. Mwalimu akapakia ukurasa upya. Na ile sauti kavu ikasoma, kwa Kiswahili, kwamba bei ya ng'ombe mnadani imepanda.

Watu walipiga makofi, ndiyo, lakini nilichokipenda zaidi ni kwamba laptopu zilianza kufunguka ukumbi mzima. Nilizunguka kati ya viti nikiona mistari ya juu ya faili ikibadilishwa. Kwa muda wa robo saa hakuna aliyekuwa anamsikiliza mtu mwingine, na sikuwazuia.

Mwalimu hakuridhika na hilo. Akaita daftari la pili. Picha zilisomwa majina ya faili, herufi na tarakimu ndefu, kwa sababu hakuna aliyeandika maelezo. Akafungua orodha ya viungo vyote vya ukurasa, yale maneno ya kubonyeza yanayokupeleka ukurasa mwingine, na spika zikatamka "soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi" mpaka mtu akaomba aizime. Tovuti ya tatu ilikuwa na matangazo ya kazi. Kila tangazo lilikuwa karatasi iliyopigwa muhuri, ikapitishwa kwenye skana, ikapandishwa kama picha. Kwa Mwalimu ukurasa ule ulikuwa mtupu. "Kazi hizi ni za walimu?" akauliza. Zilikuwepo za walimu. Alikaa kimya kidogo kisha akasema tuendelee.

Kijana mmoja wa nyuma akasimama. Hakuwa na ubaya, alikuwa anauliza swali la biashara: ni wasioona wangapi watakaotumia tovuti yake mpaka apoteze siku mbili kuirekebisha?

"Wewe unauza nini?" Mwalimu akauliza.

"Natengeneza tovuti ya tiketi za mabasi."

"Fungua."

Ilifunguka. Fomu ilikuwa na visanduku vinne, na programu ilivitamka vyote kwa namna moja: sehemu ya kuandika, tupu. Hakukuwa na neno la kumweleza kipi ni cha tarehe na kipi ni cha jina.

"Kila likizo nakwenda Tabora, mimi na mke wangu," Mwalimu akasema. "Naamka alfajiri nakwenda Ubungo kukata tiketi, napigwa vikumbo na wapiga debe. Nauli ninayo. Niambie pa kuandika tarehe."

Kijana alikuja mbele, na mtu wa safu ya kwanza akamwonyesha jinsi ya kuunganisha lebo, yaani jina la kisanduku, na kisanduku chenyewe. Ilichukua dakika chache. Mwalimu akaijaza fomu yote mbele yetu bila kuuliza, mpaka kwenye kitufe cha mwisho, ambacho hakikufanya kazi kwa sababu tovuti ilikuwa haijakamilika.

Saa yake ilikwisha na mama lishe akaanza kunipungia mkono kutoka mlangoni. Nikampungia naye asubiri. Tuliingia kwenye chakula tukiwa tumechelewa sana, na mjadala niliokuwa nimeupanga baadaye kuhusu bei za kazi zetu niliufuta. Chakulani vijana walimzunguka Mwalimu na sahani zao, wakimwomba afungue tovuti zao, naye akiwaambia mkono mmoja anaulia.

Hesabu za mkutano zilifungwa na upungufu, na wanakamati tukachangiana tukaufidia. Ile tovuti ya mabasi, nasikitika, haikuzinduliwa kamwe. Kijana alipata ajira akaiacha. Ile ya habari iliendelea kusomeka kwa miezi kadhaa, mpaka asubuhi moja Mwalimu akanipigia.

"Binti yangu, Kizungu kimerudi."

Nilijua kilichotokea kabla hata sijafungua mashine. Kiolezo kilitoka toleo jipya, mwenye tovuti akakubali kusasisha, na header.php yake ikafunikwa na ya Marekani. Nilimpigia akiwa kazini. Jioni tulikaa pamoja, tukatengeneza kiolezo kinachorithi kile cha asili ili masasisho yasiguse mstari wetu, kisha tukampigia Mwalimu apakie ukurasa. Tulisikia kupitia simu ikisoma kichwa cha habari cha kwanza. Akatuambia ni sawa, ila picha bado.