Nilivyoiweka historia ya babu, askari wa Keya, kwenye kurasa mbili

Historia fupi ya marehemu kwa kawaida huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, ndiyo maana hujaa makosa. Ya babu niliianza akiwa hai, miaka miwili kabla. Mambo ya kupanga yalikuwa mengi: Vita vya Pili vya Dunia alivyopigana na Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), ndoa ya miaka zaidi ya 60, watoto tisa, na karatasi zilizojaa kopo la biskuti chini ya kitanda. Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa namna hiyo, haya yatakupunguzia kazi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na vita. Mzee ukimwuliza "babu, Bama ulikwenda mwaka gani?" (Bama ndiyo Burma, Myanmar ya leo) atakupa mwaka wowote ili uridhike. Ndani ya wiki moja nilipewa 1940, 1943 na 1945. Anza na watoto. Mwaka wa vita mtu anaweza kuusahau, lakini hasahau kwamba aliondoka mwanawe wa kwanza akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

Sisi ni Wangoni wa Songea, Wakatoliki, hivyo kazi kubwa ilifanywa na rejista ya parokia. Cheti cha ubatizo kina namba ya LB, yaani Liber Baptizatorum, kitabu cha wabatizwa. Ukienda na namba hiyo, mstari unapatikana kwa dakika tano. Ukienda na jina tu unaweza kushinda hapo, kwa sababu Yohane kaandikwa Joannes, Alois kaandikwa Aloysius, na jina la ukoo liko vile padre alivyolisikia. Soma mstari wote. Tarehe ya kuzaliwa na ya kubatizwa ni mbili tofauti na watu huzichanganya. Pembeni huenda ukakuta ndoa imeandikwa pia.

Babu mwenyewe alibatizwa 1938 akiwa mwanafunzi wa dini, na padre alikadiria miaka 15. Cheti cha jeshi cha 1942 kilimpa miaka 22, makadirio ya karani aliyemtazama kwa macho. Nilimwamini padre aliyekaa naye kijijini, nikaandika "alizaliwa takriban 1923". Kijijini walitaka asomwe kuwa na umri wa miaka 104 na hawakufurahi.

Mtoto wa kwanza alizaliwa Machi 1942, wa pili Aprili 1947. Pengo hilo la miaka mitano ndiyo vita vyenyewe. Lakini kitambulisho cha baba mkubwa, huyo wa pili, kinasema 1944, mwaka ambao babu alikuwa msituni Burma. Unaona hatari yake. Mwaka kama huo usiusome mbele ya watu kabla hujajua ulikotoka. Ulitoka kwenye fomu ya kazi: alipoomba ajira mwaka 1962 alitakiwa awe na miaka 18, akajiongezea mitatu, na kila karatasi iliyofuata ikanakili ile ya kwanza. Karatasi iliyoandikwa karibu zaidi na tukio ndiyo ya kufuata. Nilimwonyesha rejista faraghani, akacheka, tukaandika 1947.

Baada ya hapo ndipo nikagusa vita. Ukoo ulikuwa na hakika kwamba babu aliendesha kifaru. Hakuwahi hata kuendesha lori. Alichosema ni "sisi tulikuwa watu wa kifaru", na maana yake ni alama ya begani: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivaa kichwa cha kifaru, yule mnyama mwenye pembe. Neno hilo moja likanipa divisheni yake. Ilivuka bahari hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1943, na mwaka uliofuata ikateremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya huko. Alikumbuka vidonge vya njano vilivyogeuza ngozi rangi. Ni mepakrini, dawa ya kuzuia malaria. Alikumbuka pia daraja la chuma "lisiloisha". Hilo ni la Kalewa, mto Chindwin, lililojengwa Desemba 1944, urefu wa futi 1,154, yaani mita 350 hivi. Kwa hiyo mwezi huo, au muda mfupi baadaye, alikuwa hapo.

Nishani nazo zina la kusema. Kopo lilikuwa na tatu: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Burma na Nishani ya Vita. Wajomba walisema alipigana pia Abisinia, yaani Ethiopia. Angepigana huko angestahili Nyota ya Afrika, na hakuna karatasi inayoitaja, kwa hiyo nikaliacha. Madagaska, 1942, ni tofauti: haikuleta Nyota ya Afrika, basi kukosekana kwake hakuthibitishi chochote. Usitafute jina la babu ukingoni mwa nishani, nyota hizo zilitolewa na Uingereza bila majina. Na usizisugue kwa majivu na ndimu, michoro hulika.

Aliyerudi mzima usimtafute kwenye orodha za makaburi ya vita, humo wamo waliokufa. Daftari za kila siku za vikosi vya Burma ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, London, mfululizo WO 172. Zitakupa mahali na tarehe, mara chache sana jina la askari wa kawaida.

Kurekodi ni asubuhi baada ya uji, dakika 40 basi. Simu iwe imezimwa mtandao, juu ya khanga iliyokunjwa, sentimita 30 kutoka mdomoni; ikikaa mezani kila kikombe kinasikika kama nyundo. Siku ya mvua acha, bati litakushinda. Vyeti vipigwe picha mlangoni kivulini, bila flashi, mbele na nyuma. Msivipeleke kulaminetiwa: joto huunguza karatasi ya zamani na plastiki haitoki tena.

Kilichonichelewesha zaidi ya vita ni kuhesabu watoto. "Mtoto wa mzee" ni pamoja na wa ndugu yake, kwa hiyo niliuliza "tumbo la nani?" na kuandika kwenye manila kwa kumfuata bibi. Ada za hao tisa zilikuwa ndani ya kopo: kila risiti ya tumbaku ya ushirika wa Ngoni-Matengo imebanwa kwa mwiba na risiti ya shule ya mwaka huo, jina la mtoto kwa penseli nyuma. Miaka miwili ina mwiba na risiti ya tumbaku peke yake. Nilidhani za shule zimepotea, hadi shangazi aliponiambia kulikuwa na wengine wawili, waliofariki wadogo, na miaka hiyo fedha iliishia hospitali. Niliwaingiza kati ya wa nne na wa tano, nikabadili "tisa" kuwa "kumi na mmoja, tisa wakakua", na manila ikabidi ichorwe upya.