Siku moja maishani mwangu: mwongoza wageni, Kigoma, Julai 10

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai ya rangi, kipande cha muhogo, shati nililolipiga pasi usiku, kisha nateremka kutoka Mwanga kwenda mjini. Wengi wanatuita madalali, wengine wapiga debe. Mimi ni mwongoza wageni, mwaka wa 9 huu, na kazi nimejifunza kwa miguu na kwa vitabu.

Saa 2 mpaka saa 5 ni Ujiji: mnara wa Livingstone, miembe, picha.

Saa 6, jua la utosini, nilikuwa na familia kutoka Dar, baba, mama na binti yao. Niliwapandisha mahali pa mwinuko panapoonyesha bandari yote. Tarehe kama ya leo simpitishi mgeni hapo bila kumtaja Aimé Behaeghe, rubani Mbelgiji wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Nikaanza. Julai 1916 Wajerumani walikuwa na meli yao kubwa hapo chini, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikaletwa kwa maelfu ya makasha na kuunganishwa upya hapahapa Kigoma. Wabelgiji, ng'ambo ya Kongo, walipata kwa Waingereza ndege nne za Short zinazotua majini. Tarehe 10 Behaeghe na mwenzake Collignon wakalivuka ziwa, wakaja kuipiga mabomu.

Baba akanikatiza. "Bwana mdogo, mtu kaja kutupiga mabomu, halafu wewe unamkumbuka?"

Nikamwambia, swali lako la haki, mzee. Hakutaka jibu. Akasema hizo ni porojo za wazungu, amelipia Livingstone na ziwa, vita hakuagiza. Akatazama saa. Akaniuliza nalipwa na nani kuwasifu. Nikaeleza, akarudia lilelile. Hapo tulisimama karibu saa nzima, koo limenikauka, binti kajikinga jua kwa kitabu, na mimi sikukubali kushuka kabla sijamaliza.

Nilimwambia hivi. Vita ile haikuwa yetu, lakini mizigo yake ilibebwa na babu zetu. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na kuhara, na wengi hawakuandikwa popote. Mimi sina jina la mpagazi hata mmoja. Ninalo la kijana huyu, basi nalishika, kwa sababu nikilitaja ndipo mgeni anapouliza: na makasha ya ndege zile, nani aliyabeba?

Tena hakuangushwa na risasi. Maradhi yalimmaliza Niemba, huko Kongo, Desemba 3, 1916, hata miezi mitano haijatimia tangu aruke juu ya maji haya. Alizaliwa Kachtem, Ubelgiji, mwaka 1890.

"Miaka 26," mama akasema. "Mtoto kabisa."

Ni umri wa mdogo wangu wa mwisho. Sikuweza kuendelea kwa muda kidogo.

Binti akauliza meli ilikwenda wapi. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwishoni mwa Julai ile, mitambo wameipaka grisi isile kutu. Ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Meli hiyo kila mtu Kigoma anaijua, na nikiulizia rubani wananitazama tu.

Tulipofika kwenye gari baba alinikata shilingi elfu 10 kwa kumchelewesha. Nilizipokea zilizobaki, nikamshukuru. Ziliniuma, kwa kuwa nauli na chakula cha siku vimo humohumo.

Mchana ule sijui uliishaje. Wageni wawili wa Kibirizi, bajaji iliyozima njiani, ugali na mgebuka nilioula nimesimama. Nyayo zinawaka.

Jua lilipozama wavuvi wa dagaa walikuwa wanasukuma mitumbwi, taa moja moja zinawashwa. Nikanawa uso kwa maji ya ziwa, nikalitaja jina lake kwa sauti, Behaeghe, na baada yake nikasema: na wapagazi. Kijana mmoja aliyekuwa anakunja nyavu akageuka, "Kaka, unamwita nani?"

Nikakaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake, nikaanza upya tangu makasha.