Mizunguko ya maji ya Aktiki ilitokea kama michirizi: jinsi nilivyotatua

Nimepumua sasa, acha niandike ili mwingine asihangaike. Niko Nairobi, nachambua picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1, nikitafuta mizunguko ya maji, yaani maji ya bahari yanayozunguka kama kisulisuli, kwenye Mlango-bahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, barafu inapokutana na maji wazi. Programu haikupata hata mmoja. Ilitoa michirizi mirefu tu, yote ikielekea mashariki-magharibi.

Nilichuja chengachenga za rada (vidoa vinavyochafua picha), nikalegeza vigezo, nikabadilisha picha. Wapi! Ramani za kimo cha bahari nazo hazikufaa, maana mizunguko mingi ya huko ina upana wa kilomita chache tu na hupenya katikati ya vipimo.

Jibu lilikuwa kwenye mihimili ya ramani. Hapa kwetu karibu na ikweta, digrii moja ya longitudo ni kilomita 111 hivi, karibu sawa na ya latitudo. Kwenye latitudo 79 ni kilomita 21 tu! Ukizichora digrii hizo kwa miraba sawa, duara linavutwa kwa upana mara tano, na programu inayosaka maduara inalipita.

Kwa hiyo hamishia picha kwanza kwenye projeksheni ya stereografia ya ncha, yaani njia ya kuchora eneo la ncha ya dunia kwenye ramani bapa bila kuvuruga maduara; namba yake kwenye orodha ya mifumo ya ramani ni EPSG:3413. Ndipo ugeuze nguvu ya mwangwi wa rada kuwa desibeli (kipimo cha logi), si kabla, kwa sababu kuhamisha picha huchanganya pikseli jirani, na wastani wa pikseli huchukuliwa kwenye nguvu halisi. Kisha tafuta. Vipande vya barafu vilijipanga kama gamba la konokono, waziwazi. Picha za Desemba pia zinafaa, kwani rada haizuiwi na giza wala mawingu.