Kura Kabla ya Kura

Februari 2013 Mombasa haikuwa na habari nyingine ila uchaguzi. Magari ya CORD na ya Jubilee yalipishana na vipaza sauti vyao, na kila baraza lilikuwa na mchambuzi wake. Mimi nilikuwa saibani, chini ya feni inayozunguka kwa kusitasita, napiga kura nyingine kabisa.

Jagex, kampuni ya Cambridge yenye mchezo wa mtandaoni wa RuneScape, ilikuwa imewauliza wachezaji kama wanataka kurudishiwa mchezo wa zamani. Novemba iliyotangulia mfumo mzima wa kupigana ulikuwa umebadilishwa, na wengi walinuna wakahama. Kumbe palikuwa na nakala ya Agosti 2007 iliyohifadhiwa. Kura zikiwa nyingi, ada ya ziada ya kuucheza ingepungua. Waliopiga ni wanachama wanaolipa tu, na uanachama wangu aliulipia ami yangu wa Muscat. Nadhani aliamini ni mambo ya masomo.

Binamu yangu akanifuma. "Kura ya Jumatatu hujaipiga, hii nayo ya nani tena?"

Yeye alikuwa mtu wa michezo mipya, hasa ile ambayo haijatoka. Mwaka 2011 alituhubiria Star Wars: The Old Republic miezi na miezi. Ulitoka Desemba, na kabla haujatimiza mwaka ukafunguliwa kuchezwa bure. Hilo halikumtikisa. Sasa alikuwa na WildStar, na matangazo yake alikwisha kuyahifadhi kama juzuu amma.

"Wako huo watu wake hata vidole hawana," alisema.

Kweli, hawakuwa navyo. Lakini tulikuwa Mombasa, na seva zilikuwa Ulaya na Marekani. RuneScape huhesabu muda kwa hatua za sekunde 0.6: ukibofya, amri yako husubiri hatua ifuatayo, uwe London au Likoni. Kuchelewa kwa mtandao wetu kulimezwa humo humo. WildStar, kwa matangazo yale yale aliyoyapenda, ulikuwa mchezo wa kukwepa: ardhi inapakwa rangi nyekundu, usiporuka upesi umekwisha. Sisi tungeiona nyekundu tukiwa tushakufa. Tena RuneScape ulifunguka ndani ya kivinjari, kwa Java, ilhali mwenye saiba alikataza mtu kupakua hata wimbo. Hayo tangazo halikuonyeshi.

"Subiri utoke," akasema. (Ulitoka Juni 2014, ukafungwa Novemba 2018. Ule wangu ulipata takriban kura 450,000, na hadi leo unachezwa, kwenye simu pia.)

Sikubishana zaidi. Mchezo wa zamani ulikuwa ushafunguliwa tangu tarehe 22, kura zikiendelea, na kila mtu alianza upya, bila panga wala senti. Nikamwachia kiti. Alipita Kisiwa cha Mafunzo akinung'unika, akatokea Lumbridge, akaanza kuua kuku. Kisha ng'ombe. Akagundua ngozi zinauzika. Mtu mwingine akawa anamwahi kila ng'ombe anapoanguka, naye akaanza kumtukana kwa Kiswahili, yule asijue anatukanwa.

Muda ulipokwisha hakugeuka hata kunitazama. Alimpigia kelele mwenye saiba amwongezee nusu saa, kwa pesa yangu.